Shirazi Haina Bahari

Mpaka leo nikiikumbuka ile karatasi ya nasaba damu inanichemka.

Baba alikuwa na duka hapa Mbinga mjini, na ukoo wake ulitoka pwani. Kwenye kila hitima ya kwao, dua ikiisha, karatasi hiyo husomwa kwa sauti: mababu na wake zao, kurudi nyuma hadi mtoto wa mfalme aliyetoka Shirazi, Uajemi, na merikebu saba. Wake wengine wote wametajwa kwa majina. Mama yangu, Mmatengo aliyesilimu akamzalia baba watoto sita, ameandikwa “mke wa bara”. Basi.

Siku ya arobaini ya baba nilipanda kutoka Lipingo, kando ya Ziwa Nyasa, ninakofundisha historia, na kikapu cha mbasa, samaki wa ziwani, waliokaushwa. Nilimkuta mama uani anawapikia pilau watu ambao hawajawahi kumwita wifi. Nikamwendea shangazi, dada mkubwa wa baba, mtunza karatasi. Nikamsihi safari hii asome jina la mama.

“Karatasi haichezewi, mwanangu,” akasema. “Sisi ni watu wa pwani, Washirazi. Mama yako ni mtu wa bara. Hilo si tusi.”

Si tusi! Miaka yote waliicheka mikono yake yenye udongo wa ngoro, yale mashimo ambayo Wamatengo huchimba kwenye miteremko ili mvua isiondoke na shamba. Dua ilipoisha shangazi akaanza kusoma. Alipofika “na mke wa bara” nikasimama.

“Shangazi, samahani. Shirazi haina bahari.”

Nikawamwagia yote. Kwamba Shirazi ni mji wa bara, umekaa bondeni katikati ya milima, juu kama Mbinga, na zamani kufika pwani ilikuwa safari ya siku nyingi na wanyama wa mizigo. Kwamba sifa yake ni bustani na waridi, na maji yaliyoletwa kutoka milimani kwa mifereji iliyochimbwa chini ya ardhi kwa mikono. Kwamba juu ya lango lake waliweka Kurani, msafiri apite chini yake apate baraka, na kwamba mpaka leo watu wake huzuru makaburi ya washairi.

“Hao ndio babu zenu,” nikasema. “Watu wa mlimani, wachimbaji. Na humu ndani anayeijua kazi hiyo ni mmoja tu, naye mmemwacha jikoni.”

Shangazi akaikunja karatasi, akasema chuo kimeniharibu. Kisha pilau ikaletwa, wakala, wakasifia.

Wageni walipoondoka nikamfuata mama uani. Alikuwa anasugua sufuria. Kusema kweli, nilikwenda kushukuriwa.

“Nimekusikia,” akasema bila kugeuka. “Hayo ya Shirazi umeyajua lini?”

“Chuoni, mama. Mwaka wa kwanza.”

“Baba yako alikuwa hai.”

“Ndiyo.”

“Kila likizo alikuuliza umesoma nini. Angekusikiliza wewe. Angeandika jina langu kwa mkono wake. Mbona hukumwambia?”

Nikaokota kitambaa, nikaanza kukausha sahani. Chuoni kila aliyeniuliza kabila langu nilimwambia mimi ni Mshirazi.