Nyanya, Shahidi wa Nyota Zangu

Harufu ya udongo mwekundu uliorowa bado hunirudisha uani kwetu Voi. Haikuwa harufu ya mvua, maana mvua kwetu ni mgeni wa kuhesabiwa siku. Ilikuwa harufu ya maji ya mwisho ya kufulia, yenye povu la sabuni ya kipande, ambayo Nyanya aliyanyunyiza kwa mkono kila jioni ili vumbi litulie kabla ya kutandika jamvi. Nyumba yetu ilikuwa ya mabati, na mabati ya Voi hayasahau jua haraka. Hata baada ya swala ya isha, ukiingia ndani ungedhani kuna mtu anapika. Basi tulikaa nje. Kutoka stesheni tulisikia mabehewa ya mizigo yakigongana. Baba alikuwa karani huko, na akiwa nyumbani aliweza kutuambia kwa mlio tu kama gari linapanda Nairobi au linashuka Mombasa. Miaka ile ya tisini umeme ulikatika ovyo, na kiangazi kimoja nikiwa na miaka tisa ulikatika karibu kila jioni. Mji ulipozama gizani, nyota zilijitokeza zote kwa pamoja, nyingi hata nikaona haya kuzitazama.

Aliyetufunza kuzitazama ni Mwalimu Mwakio, kijana wa Sagalla aliyepanga chumba cha uani kwetu. Jioni moja alituonyesha mimi na kaka yangu Athmani nukta iliyokuwa ikikata anga bila kumetameta, bila sauti, kama mtu anayekwenda dukani na ana hakika ya njia. Akasema hiyo si nyota, ni setilaiti, chombo kilichorushwa na watu, na kinang'aa kwa sababu huko juu jua bado halijakitupa mkono. Tuliitazama mpaka ikazimika katikati ya mbingu. Nyanya, mama mzazi wa baba, aliyekulia Mombasa na kuja Voi na mume aliyekuwa mfanyabiashara, hakulitaka neno setilaiti. Yeye aliziita nyota wasafiri. Na kimondo kilipochana anga alisoma audhubillahi, akatueleza kwamba hayo ni mawe ya moto wanayotupiwa mashetani wanaopanda juu kusikiliza siri za mbinguni. Mwalimu akasema kwa adabu kwamba ni vijiwe vidogo vinavyoungua vikiingia hewani. "Basi mwalimu, si tumekubaliana ni mawe?" Nyanya akamjibu, na mwalimu akacheka mpaka akakohoa.

Punde ikawa mashindano. Kila setilaiti uliyotangulia kuiona ilikupa kokoto moja ya reli, nazo tulizipanga ukingoni mwa jamvi, zangu upande huu na za Athmani upande ule. Kimondo hakikuhesabiwa kwa kuwa kilitoweka kabla mwenzako hajageuza shingo. Na kwa kuwa sisi wawili hatukuaminiana hata kidogo, Athmani akaweka sharti: nyota msafiri haihesabiwi mpaka apatikane shahidi mtu mzima. Sharti hilo hakulizua mwenyewe. Lilitoka kwenye mwezi. Katika mtaa wetu, mwezi wa Ramadhani ulipokaribia kuandama, watu walisimama karibu na reli wakitazama machweo upande wa vilima vya Dawida, na aliyesema ameuona aliulizwa, nani mwingine ameuona? Nyanya alikuwa na jina kubwa katika jambo hilo. Mara nyingi alikuwa wa kwanza kuuona, hata ukiwa mwembamba kama ukucha uliokatwa, na akina mama hawakuweka vyungu vya Idi motoni mpaka wasikie Bi Mwanaisha kasema nini. Nani basi angefaa kuwa shahidi wetu kuliko yeye?

Athmani alikuwa na macho ya mwewe. Wiki ya kwanza kokoto zake zilifanya mstari, zangu zilikuwa nne. Kisha jioni moja nilipaza sauti, "Ile pale!" nikaona mara moja kwamba nimekosea, ni nyota ya kawaida iliyotulia kitako mahali pake. Kabla sijajirudi, Nyanya alikuwa ameshainua uso. "Naam, naiona," akasema. "Yaenda polepole leo." Nilipata kokoto ya tano. Nilibaki nikiitazama ile nyota isiyokwenda popote, nikamtazama Nyanya, na kitu kidogo kikanigusa moyoni ambacho sikutaka kukipa jina. Kesho yake nilimjaribu. Nilinyoosha kidole mahali peusi kabisa, hapana hata nyota. "Nyanya, waiona?" Naye, akiwa amenishika mkono na kuufuata kwa shavu lake, akasema, "Naam, mjukuu wangu, naiona. Mashallah."

Nilijua. Hilo ndilo jambo ninalolibeba mpaka leo, kwamba nilijua. Wengine wote walikuwa na sababu ya kutojua, kwa sababu Nyanya alishona kofia, zile nyeupe za kutoboa vitundu na kuvizungushia uzi, na kazi ile haimtaki mtu asiyeona. Mchana alitunga uzi kwenye sindano bila kusaidiwa na mtu. Nani angemdhania? Lakini mimi niliyelala naye chumba kimoja nilimwona akipiga bega kwenye fremu ya mlango, akijikwaa kwenye ndoo iliyokuwa kando yake, akiruka kwa hofu mwalimu alipomwamkia kutoka ubavuni. Jioni giza lilipoanza aliniita, "Njoo nikushike mkono, mama, usianguke," na mimi ndiye niliyekuwa nikimtembeza. Badala ya kusema, nilivuna. Kwa siku kumi nilimpita Athmani. Aligeuza kichwa huku na huku akitafuta nyota nilizozitaja, akaambulia patupu, akalalamika, na kila mara nilimwambia amuulize shahidi. Kaka yangu maskini alianza kuyafikicha macho yake mwenyewe.

Kuna siku ningeweza kuyaokoa yote kwa maneno mawili. Nyanya alikuwa ametua kikombe pembeni ya meza, pasipo na meza, kikavunjika. Mama alikusanya vigae, akaniita jikoni na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Wewe ndiwe ulalaye naye. Hebu niambie, Nyanya yako anaona vizuri?" Nilifikiria kokoto zangu. Nilifikiria Athmani atakavyonicheka, na fimbo ya baba, ambaye angeweza kusamehe kikombe lakini si uongo. "Anaona," nikasema. "Jana ameona setilaiti tatu." Mama akacheka, akatikisa kichwa. "Mie hata moja sijaiona," akasema, akatupa vigae, na habari ile ikaisha hapo.

Ramadhani ikaingia katika joto hilohilo. Ilipofika jioni ya siku ya ishirini na tisa, ya kuutafuta mwezi wa Idi, umeme ulikuwa umekatika kama kawaida, redio yetu ilikuwa imeishiwa na betri, na baba alikuwa zamu stesheni. Tulifungua kwa tende na maji, tukatoka mbio hadi karibu na reli, mimi nimemshika Nyanya mkono. Kulikuwa na ukungu juu ya vilima na mstari wa wingu uliopakwa rangi ya chungwa. Watu walikaza macho kimya. Nguo yangu mpya ilikuwa imening'inia nyuma ya mlango tangu wiki iliyopita, na Athmani alikuwa kando yangu akitafuta kwa bidii, nami niliogopa ataniwahi. Wingu lilipochanika nikaona kitu chembamba, cheupe. Nataka kusema niliamini ni mwezi. Ukweli ni kwamba sikungoja kuamini. "Ule pale!" nikapiga kelele. Watu wakageuka, wengine wakauliza wapi, wapi, kisha kama ilivyokuwa desturi wakamtazama Nyanya. Nilihisi vidole vyake vikinibana. Akaufuata mkono wangu, akainua uso wake mtulivu kuelekea magharibi, na akasema, "Alhamdulillahi. Nimeuona."

Kilichofuata kilikuwa furaha, na ndiyo maana kinauma. Watoto walikimbia mtaani wakiimba, akina mama wakakanda mahamri, mwingine akachinja kuku wawili kwa taa ya chemni. Saa tatu baba akarudi na habari aliyoisikia kwenye redio ya stesheni: mwezi haukuonekana mahali popote nchini, kesho ni kufunga kukamilisha thelathini. Akapita nyumba kwa nyumba kuwaambia watu. Lakini Bi Rehema, mjane jirani yetu, alikuwa amekwisha kulala na hakusikia hodi. Asubuhi alikunywa chai yake kwa amani, na alipoambiwa alilia kama mtoto, kwa kuwa katika maisha yake hakuwahi kuvunja saumu hata moja akiwa mzima. Hakumlaumu Nyanya. Wengine hawakuwa na huruma hiyo. Kwa miezi mingi baadaye, muuza duka akimwambia mteja kwamba sukari inakuja kesho, mteja alimjibu, "Isiwe mwezi wa Bi Mwanaisha!" na watu wote wakacheka. Mtoto hahesabiwi katika ushahidi, kwa hiyo mimi hakuna aliyenitaja. Baba alimuuliza mama yake mara moja tu, kwa heshima, ilikuwaje. Nyanya akajibu kwamba uzee umemdanganya. Nilikuwa nimesimama pale pale, mlangoni, nikichezea pindo la nguo yangu mpya.

Tangu hapo hakutoka tena kukaa uani jioni. Alisema umande wamuumiza kifua, kana kwamba Voi ina umande. Jamvi tulitandika wenyewe, bila kunyunyiza maji, na mchezo ukafa. Kokoto zangu nilizirudisha kwenye reli usiku mmoja, zote, na nilidhani nimetubu.

Ulipita mwaka na zaidi ndipo Mwalimu Mwakio alipokuja na habari kwamba kuna madaktari wa macho wanapima watu hospitalini kwa siku mbili. Mama alimpeleka Nyanya kwa sababu tu alikuwa ameanza kushona nje ya mstari. Nilikwenda nao. Daktari alimwangalia muda mrefu, akamwambia ni presha ya macho, ugonjwa unaokula kuona kutoka pembeni ukija katikati, ukimwachia mtu kitundu kidogo cha kuonea mbele, na gizani ndiko humwangusha kabisa. Kilicholiwa hakirudi, akasema. Kama angeletwa mapema, dawa ingemhifadhia kilichobaki. Kisha akamgeukia mama. "Hapo nyumbani hakuna aliyegundua kuwa haoni?" Mama akasema hapana, akaanza kulia. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Kwetu mjukuu alikuwa amesimama hapo hapo karibu na kiti, na hakufungua mdomo.

Jicho moja liliondoka mwaka ule, la pili likafuata. Kofia ya mwisho aliiacha nusu. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini hakusema mwenyewe, na nadhani aliogopa siku atakayokuwa mtu wa kushikwa mkono na kulishwa. Kila nilipomwomba ushahidi, nami nilimshuhudia kwamba bado anaona. Lakini yeye alikuwa akificha la kwake, na mimi niliuza la mwenzangu. Miaka kadhaa baadaye, nikiwa sekondari, nilikuwa nikimpaka mafuta miguuni aliponiuliza ghafla, bila ukali wowote, "Hebu niambie, mama. Zile nyota wasafiri, wewe ulikuwa ukiziona kweli?" Alinipa mlango wazi kabisa. Nikasema, "Ndiyo, Nyanya." Akaninyooshea mguu wa pili, akasema, "Basi alhamdulillahi, mmoja wetu aliziona." Alifariki kabla sijamaliza shule, na sikuwahi kumwambia.

Siku hizi Voi ina taa. Barabara kuu inawaka usiku kucha na kuna stesheni mpya kubwa. Ukitaka nyota nyingi sharti upande kilima cha Sagalla. Setilaiti nazo si haba tena. Zipo zinazopita kwa foleni, moja nyuma ya nyingine kama mabehewa, na simu itakuambia jina la kila moja na saa itakayopita, wala haikuulizi shahidi. Nami nimerithi macho ya Nyanya. Daktari amekuta presha kwenye jicho la kushoto, na kila jioni natia matone mawili ambayo yeye hakuyapata.

Desemba iliyopita nililala kwa Athmani, ambaye ndiye aliyebaki kwenye nyumba ile, sasa ya mawe. Umeme ukakatika. Nilitandika jamvi uani na binti yangu Nasra, wa miaka minane, naye mara akaruka, kidole juu. "Mama, zile pale! Umeziona?" Nilitazama alipoelekeza. Sikuona kitu. Ulimi wangu, Mungu anisamehe, ulikuwa umeshalishika lile jibu la zamani, naam, naziona, lilikuwa tayari, tamu, lingemfurahisha. Nikalimeza.

"Hapana, mwanangu," nikasema. "Sijaziona."

Akanitazama kwa mshangao. Kisha akageukia mlangoni, akapasua sauti yake yote, "Mjomba! Mjomba Athmani, njoo! Mama haoni!" Majirani wakachungulia, mtu akauliza kuna nini, na Nasra akarudia kwa nguvu zaidi. Mtaa mzima ulisikia. Sikumnyamazisha.