Wiki Tano Chini ya Kiti cha Kirikuu

Niliajiriwa siku ya pili ya likizo ya Desemba, saa moja asubuhi, macho yakiwa bado na tongotongo. Mwajiri alikuwa Baba. Hapakuwa na usaili wala barua. Aliniita nyuma ya nyumba yetu hapa Kambarage, akachungulia kulia, akachungulia kushoto, kisha akanikabidhi fimbo nyembamba ya mwanzi.

"Minza, unaliona hilo gari?"

Lilikuwa hatua tatu kutoka puani kwangu. Nikakubali kwamba naliona.

"Kuna mtu ananinyonyea petroli. Wewe utakuwa jicho langu. Na mdomo uufunge."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kazini. Nawaandikia haya ninyi wadogo zangu mnaoanza kidato cha kwanza, mnaodhani kazi ya gari ni kushika usukani na kupiga honi. Mimi nimeshastaafu. Nina miaka kumi na saba, mgongo unauma, na kucha zangu hazitakuwa safi tena mpaka mahafali.

Gari lenyewe lilikuwa kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo kisicho na pua, kilichozeeka kwanza Japani ndipo kikapanda meli kuja kuzeeka upya kwetu. Injini yake iko chini ya kiti. Ukitaka kuitengeneza unainua kiti. Ukitaka kuendesha unakaa juu ya jiko. Ndani ya mlango kuna karatasi ya njano yenye maandishi ya Kijapani ambayo hakuna mtu katika ukoo wetu anayeyajua. Mimi nashuku yameandikwa "Msinunue".

Cheo changu cha kwanza kilikuwa Mpima Petroli, chini ya Mkurugenzi, yaani Baba. Aliyekuwa akichunguzwa ni Mjomba Shija, mdogo wake Mama, ambaye alilala chumba cha karibu na jiko na kuendesha kirikuu hicho kwa mwaka wa pili. Mara mbili kwa wiki alibeba mchele wa Mama, akapita Kahama na Kakola hadi Nyarugusu, kwa wachimbaji wa dhahabu. Wachimbaji wanakula sana mchele. Lakini pia wana pampu za kuvuta maji mashimoni, na pampu zinakula petroli. Hapo ndipo akili ya Baba ilipokwama. Mtu anakwenda na tenki lililojaa mahali ambapo petroli inatamaniwa, anarudi na tenki linalolia. Kesi imekwisha.

Kazi yangu ilikuwa kutumbukiza fimbo kwenye tenki kabla Mjomba hajaondoka, na tena akirudi. Hapa niwape somo la kitaalamu. Mdomo wa tenki la kirikuu una shingo iliyopinda, kama bomba la sinki. Fimbo iliyonyooka haifiki chini. Mimi sikujua. Siku ya kwanza fimbo ilitoka kavu, nikamwambia Baba, "Imeshuka." Siku ya pili ikatoka kavu, nikasema, "Imeshuka vibaya sana." Siku ya tatu ndipo nilipogundua kwamba tangu mwanzo nilikuwa napima shingo. Lakini Baba alishaanza kuniita "mtoto mwenye akili", jina ambalo sijawahi kuitwa nyumbani wala shuleni, nikaona haya kulirudisha. Nikaendelea kutoa taarifa. Nyingine nilizitoa bila hata kutoka kitandani.

Baada ya wiki moja nilihamishiwa idara ya ufundi, nikawa Msaidizi wa Mhandisi Mkuu. Huyu alikuwa Fundi Maige, mzee aliyewahi kutengeneza mitambo ya kusagia mawe ya dhahabu, sasa anafuata magari mabovu majumbani. Sijawahi kufanya kazi na mtu mwenye mashaka kama yule. Kifaa kipya hakifungi mpaka akinuse. Spana zake alizihesabu akifika, akazihesabu akiondoka, kisha akaniangalia.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Geuza mifuko."

Siku hiyo alifungua plagi, vile vidude vinavyotoa cheche ya kuwasha injini, akaniwekea moja kiganjani. Ilikuwa nyeusi kama sufuria ya msibani.

"Nusa."

"Inanuka petroli."

"Basi umemwona mwizi. Injini hii inakunywa kupita kiasi. Angalia choki."

Choki ni kibati kidogo kwenye kabureta, pale hewa na petroli zinapochanganyika. Asubuhi ya baridi kinaziba hewa ili injini ipate petroli nyingi na kuwaka haraka. Injini ikipata moto, kinatakiwa kufunguka. Cha kwetu waya wake ulishika kutu, kikabaki kimefunga nusu kwa siku nzima. Tukautia grisi mpaka ukateleza.

Nilimkimbilia Baba kumweleza. Alinisikiliza kama anavyosikiliza matangazo ya sabuni. Jioni hiyohiyo alirudi na mfuniko wa tenki wenye kufuli, uliotolewa kwenye gari la aina nyingine huko kwa wauza vyuma chakavu. Ulipwaya. Akakata kipande cha tyubu ya baiskeli, akakizungushia, akausukuma kwa magoti mawili hadi ukakaza. Ufunguo akauvaa shingoni.

Safari iliyofuata petroli ilirudi nyingi. Baba akazunguka uani kifua mbele.

"Mmeona? Kufuli limesema!"

"Ni choki, Mzee," Fundi Maige alisema.

"Choki, choki! Choki haina mikono."

Mjomba Shija alikuwa ananawa bombani. Alikausha mikono kwenye suruali, kidole kimoja kimoja, akaingia ndani.

Kisha gari likaanza kuzimika. Likitembea kama dakika arobaini linakohoa, linakufa katikati ya pori, Mjomba anakaa kando ya barabara nusu saa, halafu linawaka lenyewe kama halijafanya kitu. Safari ya siku moja ikawa ya siku mbili. Baba akasema ni kisasi: mwizi amenyimwa petroli, sasa anamchosha mwenye gari. Akampigia simu Mama Zawadi, anayepokea mchele wetu Nyarugusu, akamwomba achunguze kama Shija anauza petroli kule. Sasa, Mama Zawadi ana mgahawa ambao wachimbaji wote wanakunywa chai. Ukimwambia siri, umeipandisha kwenye spika ya mnadani.

Mjomba aliporudi safari ile aliketi jikoni karibu na Mama.

"Dada, wananiita Sheli."

"Nani?"

"Wote. Nikiteremka tu, 'Sheli, leo lita bei gani? Sheli, nipimie!' Hata watoto wa shule. Mimi Jumapili narudi kijijini. Na huko nako nitaendesha gari la nani? Nani atampa Sheli funguo?"

Kuanzia siku hiyo Mama aliacha kuzungumza na Baba moja kwa moja. Alizungumza kupitia kwangu, hata wakiwa wameketi mkeka mmoja. "Minza, mwambie baba yako ugali upo." "Minza, mwulize mama yako mboga ni ipi." Mimi nilikuwa katikati na ile fimbo yangu kichwani. Uongo wangu ulikuwa umemfukuzisha mtu kazi, mtu aliyenifundisha kuendesha baiskeli.

Hapo ndipo nilipojipandisha cheo mwenyewe. Nikamwomba Fundi Maige tutafute ugonjwa kabla ya Jumapili. Tuliinua kiti, tukabadilisha filta ya petroli, tukaosha kabureta, tukapima pampu inayovuta petroli kutoka tenkini. Pale uani, gari limesimama na injini ikinywa kidogo kidogo, ilinguruma saa nzima bila kukohoa.

"Gari mnafiki," Fundi alisema. Akamwita Mjomba. "Likizimika porini, kabureta inakuwaje?"

"Kavu."

"Na tenki?"

"Likitikiswa lina petroli. Kulifungua siwezi, ufunguo uko shingoni kwa mwenyewe."

Petroli ipo, lakini haifiki. Fundi akaanza kulishuku duka la filta. Mimi nilikaa kwenye tairi la akiba nikinyonya juisi ya boksi. Nilinyonya bila kupumzika mpaka boksi likabonyea pande zote, mrija ukagoma. Nikauachia mdomo. Boksi likavuta hewa, likafutuka, juisi ikaja tena.

Nikaliangalia boksi. Nikaliangalia tenki.

"Fundi, tenki linapumulia wapi?"

"Kwenye mfuniko. Mfuniko wake una kitundu…" Akauendea mfuniko wa kufuli, akapitisha ukucha kwenye kile kipande cha tyubu. "Nani ameziba hapa?"

"Baba."

"Aah. Basi mimi nina kazi Kolandoto. Mwambie wewe."

Kumwambia Baba kungekuwa kazi bure. Angeuliza boksi la juisi lina mikono mingapi. Ilibidi aone. Ijumaa asubuhi nikamwambia, "Baba, endesha wewe mwenyewe. Mjomba abaki nyumbani. Likizimika mikononi mwako, tutajua." Alinitazama kwa muda mrefu, akishuku. Lakini wazo la kumkamata mtu lilimpendeza, akapanda.

Tulipita Kolandoto, tukaendelea. Baba akaanza kupiga mluzi. "Unaona? Linajua mwenyewe." Mluzi haujaisha, kirikuu kikakohoa, kikatikisika, kikafa.

"Shija amelichezea!" alisema.

"Baba, fungua tenki."

Alivua ufunguo shingoni, akazungusha, akavuta. Tenki likapiga fyuuu, kama mtu aliyezibwa pua darasani kutwa nzima. Tukasubiri kidogo, akawasha, likawaka. Akafunga, tukaendelea. Likafa. Akafungua, fyuuu. Baba si mtu wa kuamini kwa kuona mara mbili tu. Alirudia mara ya tatu. Kisha akaketi kwenye ukingo wa barabara, mfuniko mapajani.

Nikaona niseme yote akiwa ameketi.

"Baba, na ile fimbo. Haikuwa inafika kwenye petroli. Nilikuwa napima shingo."

"Siku ngapi?"

"Zote."

"Ukaniambia imeshuka."

"Ndiyo, Baba."

Nilingojea kofi. Halikuja, na hilo lilinitisha zaidi. Alikichomoa kile kipande cha tyubu, akakitupa porini, tukarudi nyumbani.

Mjomba alikuwa mlangoni na begi limefungwa. Baba akamnyooshea ufunguo.

"Shemeji, chukua. Ni kufuli langu lililokuwa linazima gari."

Mjomba hakuupokea. "Mimi nilishajua sikuiba, shemeji. Uliyempigia simu ni nani?"

"Mama Zawadi."

"Basi twende kwa Mama Zawadi."

Hiyo ndiyo ilikuwa safari yangu ya mwisho kazini, Jumamosi, siku mbili kabla shule hazijafunguliwa. Nilikaa nyuma juu ya magunia, vumbi la Kakola likinipaka poda, nikitafakari utumishi wangu. Katika wiki tano nilifanya kazi chini ya wakubwa wawili walioshuku kila kitu. Fundi alishuku, akafungua akaangalia ndani. Baba alishuku, akafunga. Mimi sikushuku chochote. Nilitunga tu, na kati yetu ni mimi niliyefanya madhara makubwa. Sikupewa saa ya ukutani wala cheti. Nilipewa spana moja, na Fundi alishahesabu zilizobaki.

Tulifika Nyarugusu wachimbaji wakiwa kwenye chai, matope mpaka magotini.

"Sheli huyooo! Sheli kaja na bosi wa kampuni!"

Mjomba aliegesha mbele kabisa ya mgahawa. Hakuzima injini. Baba akashuka, akavua kofia, akamsalimia Mama Zawadi, kisha akawageukia wale vijana.

"Nilimsingizia shemeji yangu. Hakuniibia petroli. Gari liliharibiwa na kufuli langu mwenyewe. Na binti yangu huyu hajui kupima."

"Mzee, rudia! Huku nyuma hatujasikia!"

Akarudia, kwa sauti. Walicheka, lakini mmoja alisogea kwenye benchi, akapangusa nafasi kwa mkono. "Dereva, kaa hapa."

Mjomba akaketi. Mama Zawadi akamletea chai. Nje kirikuu kiliendelea kunguruma, moshi mwembamba ukitoka nyuma, petroli ikiungua bure mchana kweupe. Baba aliutazama ule moshi. Akamtazama Mjomba. Akafungua mdomo, akaufunga. Mjomba alipuliza chai yake taratibu, akanywa funda moja, akaomba aongezewe.