Mkono wa Nguva

Kila nikishuka treni pale Liverpool, kitongoji chetu cha Sydney, kiganja changu hunuka chuma nilichoshikilia njia nzima, na harufu hiyo hunirudisha baharini.

Nilikuwa bado mtoto, na kanisa letu lilikuwa limetupeleka matembezi ufukweni, upande wa pili wa jiji. Juu ya ukuta wa mawe alikaa nguva wa shaba, mkono mmoja ameunyoosha kama anayeomba kitu. Watoto wa Kizungu walimpanda mkiani wakapigwa picha. Mama, aliyembeba mdogo wangu mchanga mgongoni, alinivuta kando.

"Usimguse," alisema. "Hawa tunawajua tangu kule ziwani kwetu. Humpa mtu utajiri, halafu huja kuchukua mtoto wa nyumba hiyo."

Alipogeuka kugawa chapati, niliushika ule mkono. Nilitaka tu kujua kama ni wa baridi. Ulikuwa na joto, joto la mtu, na vidole vilikuwa laini kwa kushikwashikwa.

Ndani ya basi niliukalia mkono wangu. Hata baada ya sabuni bado ulinuka shaba. Jioni mama akaniletea mdogo wangu. "Mshike kidogo, nisonge ugali."

Nilificha mikono nyuma, nikasema sitaki. Akaniita mvivu. Wiki nzima sikumgusa. Nilisimama tu mlangoni nikisikiliza kama bado anapumua.

Sasa nikifika chekechea, mwanangu hunikimbilia, nami humpita kwanza nikaenda bombani. Huniuliza kwa Kiingereza mbona lazima ninawe kabla ya kumbeba. Humwambia ni vijidudu.