Vikaragosi Vilivyokuwa Bubu

Kwa fundi televisheni mmoja wa Ng'ambo, niliwauliza wateja wenzangu nani anakikumbuka kipindi fulani cha watoto cha zamani: vikaragosi vinazungumza, mara vinakuwa bubu, midomo inachezacheza tu. Nikawaeleza kwamba ukimya ule ulikuwa usanii wa hali ya juu, na nshausifu hapa hapa kwenye safu yangu hii ya gazeti.

Bibi mmoja aliyepakata redio yake alinitazama kwa huruma. "Kikioneshwa saa ngapi, mwanangu?"

"Jua likizama, Bi."

"Basi mamako akipunguza sauti. Maghrib hiyo, kunaadhiniwa."

Nilitaka kubisha, nikakumbuka vikaragosi vilivyokuwa vikipata kauli tena adhana ikimalizika. Kumbe msanii niliyemsifu gazetini ni mama, kashika kitufe cha sauti.