Alama ya Mawese

Mawese yakipata moto jikoni kwangu, bado navificha vidole ndani ya kitenge.

Shuleni tulikuwa na kitabu kimoja tu cha picha, ambamo wanyama walisaidiana kumvuta swala aliyetumbukia shimoni. Siku moja mwenzangu, binti wa wachuuzi wa mawese kutoka Walikale, alinigawia muhogo wake uliochovywa mawese. Nililamba vidole haraka, nikafunua kitabu, na alama nyekundu ikabaki juu ya swala.

“Nani alichafula kitabu?” mwalimu akauliza.

Nikamwonyeshea kidole mwenzangu. “Kwabo njo banauzishaka mawese.”

Alinitazama, akanyoosha mikono, akachapwa.

Tulipotoka, alifungua jani lililokuwa na muhogo uliobaki.

“Kamata, dada, tumalize.”

Nikakamata, nikala.