Matandazo ya Ulfat

Ulfat alilelewa Mji Mkongwe, ghorofani, ambako bustani yote ya mama yake ilikuwa makopo ya mrehani dirishani. Alipoolewa na Suhaib akahamia Chwaka, nyumbani kwa mkwewe Bi Salhiya, alitangaza mapema kwamba atapanda tungule, zile nyanya za mchuzi, nyuma ya nyumba. Udongo wa pale ni haba, ukichimba kidogo unagonga jiwe. Bi Salhiya hakumkataza.

"Panda. Lakini kaskazi likianza, jua litazila kabla yako."

Mvua za vuli zilipoanza, Ulfat alipanda, kisha akalifunika tuta kwa majani makavu ya mshelisheli. Asubuhi moja alikuta tuta li tupu na moshi unafuka jaani. Bi Salhiya, ambaye hajawahi kuacha jani likalala uani kwake, alikuwa ameshafagia.

"Mama, yale hayakuwa taka. Niliyatandaza makusudi, udongo usikauke."

"Watu wakija watasema nyumba haina mwanamke."

"Wakija nitawaeleza mwenyewe," alisema Ulfat kwa adabu, wala hakurudi nyuma.

Akatandaza tena, safari hii mengi, mpaka yakagusa mashina. Mvua za mwisho zikanyesha, miche kadhaa ikaoza. Bi Salhiya aliitazama, akaendelea kufagia. Ulfat aliyafukua majani, akapapasa shina lililolainika. Kumbe kosa si matandazo, kosa ni kuyabananisha na mche. Akapanda mingine, akang'oa magugu, akamwagilia mpaka udongo ukashiba, ndipo akatandaza upya: majani yaliyokatwakatwa chini, nyuzi za makumbi ya nazi juu, na kila shina akaliachia nafasi ya kupumua.

Kaskazi likaja kwa ukali. Maji ya kisima yakapungua. Majirani walimwagilia asubuhi na jioni, na bado mchicha wao ukanyauka. Ulfat alimwagilia siku moja, akaruka ya pili.

Adhuhuri moja Bi Salhiya alichutama tutani, akapenyeza vidole chini ya makumbi. Vilitoka na udongo mweusi, wa baridi.

"Umemwagilia leo?"

"Jana, mama."

Bi Salhiya akanusa vidole vyake. "Na mabilingani yatakubali hivi?"

"Yatakubali."

"Basi kesho nionyeshe. Nnataka tuta langu mwenyewe, upande wa jikoni, na usiniingilie."

Ulfat alicheka, akainama kuchuma tungule za mchuzi wa jioni.