Jembe Mlangoni mwa Kanisa

Asubuhi ya Pasaka moja, wakati wa Wabelgiji, nilimwona mama mmoja wa kijiji cha Kingi akifika kanisani na jembe begani. Katekista akamzuia kwa mkono.

“Mama, leo hatulimi.”

“Papa katekista, Bwana alikufa Ijumaa, njo maana sikugusa udongo. Kwetu muntu akikufa, jembe inalala mupaka matanga iishe. Sasa munasema amefufuka. Matanga imeisha, ao hapana?”

Katekista akasogea pembeni. Wanawake waliosikia waligeuka mbio kufuata majembe yao nyumbani.

Misa ilichelewa, na mimi nisiyependa kungoja nilingoja kwa furaha. Sisi wengine tulikuja kuimba kwamba Bwana amefufuka. Yeye alikuwa ameamka akanoa jembe.